Tusibaki Getini



Kila ikikaribia Agosti, skuli za kimataifa zinapofungua mwaka wao, masuala tunayoulizwa hubadilika. Kabla ya hapo huwa ni hina, piko, mapazia na nguo ya kuolea. Agosti huja ya skuli, na mengi hutoka kwa dada zetu waliovuka bahari wakaolewa Dar es Salaam na kukaa Msasani, Masaki, Mikocheni au Oysterbay. "Skuli imetuita siku ya mataifa, kila mzazi aje na chakula cha kwao, niende?" "Kuna mkutano ambao mtoto ndiye anayemwongoza mzazi, baba yake yuko safarini, na mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji." "Nimtume dada wa kazi pamoja na dereva, au itakuwa aibu?"

Jawabu letu ni moja, na tunalitoa mapema ili asiyekuwa na wakati wa kusoma yote aondoke nalo: nenda mwenyewe, na ingia ndani. Usibaki getini.

Tunajua kulisema ni rahisi kuliko kulifanya. Kwa hivyo tulizungumze taratibu.

Rasi ya Msasani ilikuwa ya wavuvi kabla haijawa ya mabalozi. Kijiji cha Msasani kipo mpaka leo, na ngalawa zake na misikiti yake, na wazee ambao ukiwaamkia kwa lafudhi ya Unguja hawakawii kukutajia jamaa yao aliyehamia Ng'ambo. Pembeni yake Waingereza waliifanya Oysterbay kuwa mtaa wa Wazungu. Baada ya Uhuru wakaja wanadiplomasia na watu wa mashirika, nao wakataka skuli za watoto wao. International School of Tanganyika ilianzishwa mwaka 1963, na kwa miaka mingi watoto wake wadogo wamesomea Upanga na wakubwa Masaki, humo humo rasini. Kwa Mtanzania wa kawaida wa wakati ule, skuli kama hiyo ilikuwa ya wageni. Mwalimu Nyerere, ambaye nyumba yake mwenyewe ipo Msasani, alitangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na mwaka huo huo Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia skuli za msingi. Ilikuwa katika miaka ya 1990 ndipo mlango wa skuli binafsi za Kiingereza ulipowafungukia wananchi. Leo ukiingia darasa la skuli ya kimataifa utawakuta watoto wetu: wa wafanyabiashara wa Kariakoo, wa madaktari, wa Waunguja na Wapemba waliohamia bara, na wa ndugu zetu waliorudi kutoka Maskati na Dubai.

Kwa hivyo si skuli za wageni tena. Tunazilipia. Lakini wengi wetu bado tunazikanyaga kama wageni.

Mitaala iko mbalimbali. Kuna skuli za Cambridge, kuna za IB, ambayo ngazi yake ya msingi ilianza mwaka 1997, na kuna za Kifaransa. Linalotushitua sisi tuliosoma skuli za serikali ni kuwa huko mzazi naye ana ratiba. Kwetu mzazi akiitwa skuli, mtaa mzima unajua mtoto kafanya kosa. Huko anaitwa asubuhi aje awasomee watoto hadithi. Anaitwa siku ya michezo asimame kwenye mstari wa kumalizia mbio. Anaitwa siku ya vitabu, mtoto akiwa kavaa kama mtu wa kwenye hadithi. Anaitwa maonyesho ya sayansi, mashindano ya kuogelea, siku ya mataifa, uuzaji wa keki wa kuchangia jambo fulani, na mwisho wa ngazi ya msingi kuna maonyesho makubwa ambayo watoto wameyafanyia utafiti kwa wiki nyingi. Halafu kuna huo mkutano wa mtoto kumwongoza mzazi: mtoto anamshika mkono mama yake, anamketisha kwenye kiti kidogo cha darasani, anamfungulia madaftari yake na kumwambia hiki nimekiweza, hiki bado, na hiki nitakifanya vipi muhula ujao. Mwalimu anakaa pembeni, haingilii.

Sisi tunaupenda mkutano huu kuliko shughuli zao zote. Mtoto wa miaka 7 anatoa hesabu ya nafsi yake mbele ya mama yake! Ni kitu ambacho chuoni kwetu tungekifanya, mtoto amsomee mama yake sura aliyoihifadhi na kumwonyesha alipokwama, badala ya mama kungoja mpaka siku ya Maulidi amsikie kwenye kipaza sauti.

Sasa tazama nani anayekaa kwenye kile kiti kidogo. Mara nyingi ni dada wa kazi. Anakaa na simu ya mama, anarekodi. Mtoto anamwonyesha daftari, dada anatabasamu na kusema "safi sana." Hatumdharau dada, yeye ndiye anayejua mtoto kala nini na kalala saa ngapi, na katika nyumba nyingi za Msasani ndiye anayemsikiliza akisoma juzuu. Lakini hawezi kumuuliza mwalimu kwa nini kitabu cha kusoma hakijabadilishwa tangu mwezi uliopita, wala hana amri ya kusema mtoto huyu hatakula soseji ya nguruwe. Na mtoto anaona. Anaona mama wa rafiki yake kaja, na wa kwake kaja kwa video.

Tuna shoga yetu, mama wa watoto wawili, aliyeambiwa na mwanawe wa miaka 6, "Mama, usije, wewe hujui kuongea." Mtoto hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anamlinda mama yake na aibu aliyoiona machoni mwake mwenyewe, maana kila akifika getini anamkabidhi mtoto haraka haraka na kurudi garini. Mwengine alifika siku ya mataifa na buibui lake na ushungi wake, akaelekezwa kwenye benchi la madereva na madada, akakaa huko nusu saa mpaka binti yake alipotoka kumtafuta. Hatuitaji skuli hiyo. Mama yule alirudi nyumbani akaapa hakanyagi tena, na tunamwelewa, lakini hatukubaliani naye. Aliyekosea ni mtu wa mapokezi. Anayelipa kosa hilo ni binti ambaye sasa kila shughuli anasimama peke yake na sahani ya vileja vya kununua.

Tulimshauri aandike barua kwa mwalimu mkuu, kwa Kiswahili, bila matusi, aeleze lililotokea na tarehe yake. Aliandika. Aliombwa radhi kwa maandishi. Muhula uliofuata pale mapokezi kulikuwa na mtu anayesema "Karibu, mama wa nani?" Jambo dogo, lakini limewafaa kinamama wengine waliokuja baada yake.

Baadhi yenu mtasema mambo haya ya mzazi kuzurura skuli ni ya Kizungu. Siyo. Sote tunamjua Ummu Sulaym, radhi za Allah ziwe juu yake. Mabiharusi wanamjua kwa mahari yake: alipoposwa na Abu Talha, ambaye hakuwa Muislamu, alimwambia mahari yake ni Uislamu wake, wala hakutaka zaidi ya hapo. Lakini Ummu Sulaym huyo huyo ndiye aliyemchukua mwanawe Anas, akiwa na umri wa kiasi cha miaka 10, akampeleka mwenyewe kwa Mtume swalla Allahu alayhi wa sallam amtumikie na ajifunze kwake, na akamuomba amuombee dua. Hakumtuma mtu. Alikwenda kwa miguu yake, akamjua mwalimu wa mwanawe, na mwalimu akamjua mama wa mwanafunzi wake, hata akawa anawatembelea nyumbani kwao. Anas alikaa naye miaka 10, na akatuachia Hadithi ambazo dini hii inazitegemea mpaka leo. Ukitaka mfano wa mama anayeingia ndani, huyo hapo.

Na mfano wa karibu zaidi upo kwetu, wala hauna dola ndani yake. Mwaka 1986, Mombasa, mwalimu mmoja Muislamu, Bi Swafiya Said, alianza kufundisha kinamama wasichana namna ya kuendesha skuli ya maandalizi ndani ya madrasa. Wazee wa pwani walikuwa wameona watoto wao hawafiki mbali kwenye skuli za serikali, wakaomba msaada, na Aga Khan Foundation ikaja na mpango huo. Mwaka 1990 ukavuka hadi Zanzibar, na mwaka 1993 ukafika Uganda. Walimu walikuwa wanawake wa mtaani humo humo. Skuli ilikuwa ya jamii, yenye kamati ya wazazi, na kinamama walikuwa ndani ya kamati. Vifaa havikuagizwa ng'ambo: vifuu vya nazi, vizibo vya chupa, makopo, mbegu, vitambaa vilivyobaki kwa fundi cherehani, vyote viligeuzwa vya kuhesabia na kuchezea, na vingi vilitengenezwa na mama zao wenyewe. Mtoto anajifunza namba, na anajifunza dua, katika chumba kimoja.

Wapo miongoni mwetu waliosoma katika madrasa hizo. Mama zao hawakujua Kiingereza, baadhi hawakujua hata kuandika kwa herufi za Kirumi. Lakini waliingia ndani, wakashona, wakapaka rangi, wakauliza. Basi inakuwaje binti wa mama yule, aliyesoma mpaka chuo kikuu, akae kwenye gari lenye kiyoyozi nje ya geti la Msasani akiogopa mwalimu wa darasa la pili?

Tunadhani sababu kubwa ni pesa. Ukilipa sana unaona umeshamaliza kazi yako. Ada ni kubwa mno. Zamani zilitangazwa kwa dola, mpaka kanuni za Machi 2025 zilipozuia bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni, na hata zikitajwa kwa shilingi bado zinatoa jasho. Baba akishalipa anasema, kwa hayo niliyolipa nao wafundishe. Lugha ni sababu ya pili, na ya tatu ni hofu ya dini, nayo tutaizungumza kwa urefu kwa sababu ina haki yake.

Kuhusu lugha hatutaki kusema mengi. Ukiwa Dar es Salaam, nchi hii ni ya Kiswahili. Kila skuli ina mwalimu wa Kiswahili, ina wasaidizi wa madarasa wanaozungumza Kiswahili. Omba mmoja akae nawe dakika 15 kwenye mkutano. Hatujasikia skuli iliyokataa. UNESCO imeipa lugha yetu siku yake duniani, tarehe 7 Julai (bahati mbaya, kwa skuli zinazokwenda kwa kalenda ya Agosti hadi Juni, siku hiyo watoto wako likizo, kwa hiyo waambieni wasiisahau, waifanye kabla ya kufunga). Na siku ya kuwasomea watoto hadithi, soma ya Kiswahili. Msimulie Abunuwasi. Watoto wa Kijapani na wa Kidenishi watacheka kama wengine, maana mtu mjanja anayemshinda sultani anafahamika kwa lugha zote.

Hata bila hadithi unacho cha kupeleka. Peleka ukili. Darasa la tatu wanasoma ruwaza katika hesabu. Waonyeshe miyaa inavyopishana, mmoja juu mmoja chini, na namna rangi mbili zinavyotoa umbo moja likijirudia mpaka mwisho wa mkeka. Peleka kofia ya viua, waache wahesabu matundu ya mstari mmoja, kisha waulize fundi alijuaje mahali pa kuanzia ili ua likutane na ua mwenziwe upande wa pili. Peleka doti ya kanga, uwaonyeshe pindo, mji na jina, na wao wabuni jina lao. Mama mmoja wa Kiunguja alifanya hivyo na darasa zima lilirudi nyumbani likidai kanga. Hakusema Kiingereza zaidi ya "look" na "very good."

Na siku ya mataifa, tafadhali, msipeleke piza. Pelekeni mkate wa kumimina, visheti, kashata, halua, na birika la kahawa kwa watu wazima. Kata vipande vidogo, andika kilichomo, maana skuli hizi zina watoto wanaodhurika na karanga na ni haki ya mama zao kujua. Nasi tuna haki hiyo hiyo: pipi za jelatini zipo kila meza, na mwalimu hajui kuwa hatuli ya nguruwe mpaka aambiwe. Aambiwe mwezi Agosti, kwa upole. Akiambiwa Novemba kwa hasira, mtoto ameshakula.

Tukija kwenye dini, tuanze na Ramadhani. Mwezi wetu unarudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, na skuli ambayo haina Muislamu kwenye kamati yake haiwezi kulijua hilo kwa moyo. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na siku ya vitabu ya Kiingereza ikawa tarehe 6 ya mwezi huo huo. Mwaka 2026 mfungo uliingia katikati ya Februari na kuendelea Machi, ambao kwa skuli nyingi ni muhula wa michezo. Na mwaka 2030, Mungu akitupa uhai, tutafunga mara mbili ndani ya mwaka mmoja wa Kizungu, Januari na tena mwisho wa Disemba. Mama aliye kwenye kamati ya wazazi anaweza kuliweka hilo mezani mwaka mzima kabla: mbio ziwe asubuhi mapema, mashindano ya kuogelea yasogezwe, watoto wanaofunga wapewe maktaba wakati wa chakula cha mchana badala ya kukaa na wenzao wanaokula. Aliyeko nje ya geti atabaki kulalamika kwenye kundi la WhatsApp.

Vivyo hivyo Ijumaa. Skuli zinapenda kufanya sherehe Ijumaa mchana kwa sababu ndiyo mwisho wa wiki yao. Baba zetu wanataka kuwahi Jumaa, wanaondoka katikati, mtoto anapanda jukwaani kiti cha baba kikiwa kitupu. Hili halihitaji ugomvi. Linahitaji mtu mmoja kusema, tukianza saa mbili na nusu asubuhi na kumaliza saa tano, Waislamu wote watabaki mpaka mwisho. Tumeliona likikubaliwa.

Halloween hatuifanyi, na hatuoni haja ya kuzunguka. Mwambie mwalimu wiki mbili kabla kuwa mwanao hatavaa nguo za mashetani, uliza kama atakuwa na kazi nyengine siku hiyo, basi. Kumweka mtoto nyumbani bila kumweleza kitu ni kumfundisha kuwa dini yake ni ugonjwa wa siku moja. Siku ya kuvaa kama mtu wa kwenye hadithi ni jambo jengine kabisa, na wanaoziunganisha siku hizo mbili wanajitafutia taabu. Abunuwasi na punda wa maboksi anatosha.

Kuogelea ndiko kunakoleta ubishi mkubwa, na hapa tutasema wazi. Binti wa kisiwani lazima ajue kuogelea. Tulizika watu wetu mwaka 2011 baada ya MV Spice Islander kuzama ikienda Pemba, na hata mwaka haujatimia, Julai 2012, ikazama MV Skagit ikitoka Dar kuja Unguja. Watoto wetu wa Msasani wanapanda boti kila sikukuu kuja kwa bibi zao. Kumtoa binti kwenye somo la kuogelea kwa kisingizio cha stara, wakati nguo za stara za kuogelea zinauzwa, hilo hatulikubali. Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, na picha zao zimezunguka dunia nzima na kupata tuzo. Kama Nungwi imewezekana, Masaki itashindikana nini? Kwa mabinti wakubwa zaidi, ombeni zamu ya wasichana peke yao na mwalimu mwanamke. Ombeni, msisubiri kupewa.

Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani aliligawa suala hili la wazazi na skuli mafungu sita: malezi ya nyumbani, mawasiliano, kujitolea, kumsaidia mtoto kujifunza nyumbani, kushiriki maamuzi, na kushirikiana na jamii inayoizunguka skuli. Tunalitaja kwa ajili ya kinamama wanaofanya kazi benki na hospitali, ambao hawawezi kuwa skuli kila Jumatano. Si lazima ushike yote sita. Anayesoma na mtoto dakika 20 baada ya Isha ameshiriki. Anayeandika kwenye daftari la mawasiliano ameshiriki. Lakini fungu la maamuzi ndilo tulilolikimbia kabisa, na ndilo tulilolieleza kwa mifano hapo juu. Kamati ya wazazi ikikaa bila sisi, kalenda itapangwa bila sisi.

Na akina baba? Kisheria, ada ni nafaka, na nafaka ya watoto ni juu yao, hilo halina mjadala hata kama mke ana mshahara mkubwa. Ila kulipa ada si kuhudhuria. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam, aliswalisha watu hali amembeba Umama, mjukuu wake, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama. Imamu wa umma mzima hakuona kuwa mtoto anampunguzia heshima. Baba wa Msasani anayesema hana nafasi ya dakika 30 kwa muhula aulizwe nafasi ya mpira wa Simba na Yanga anaipata wapi.

Hapa ndipo tunapowageukia mabiharusi. Mtoto bado hayupo, tunajua, na mama zenu watasema tunakimbilia mbali. Lakini somo anakufundisha namna ya kumpokea mume, kuvaa asumini, kufukiza udi, kukunja nguo zake. Nani anayekufundisha namna ya kukaa mkutano wa wazazi? Wakati wa posa mnaulizana nyumba, kazi, mahari. Ulizaneni na skuli. Tukijaaliwa watoto watasoma wapi, na kama ni ya kimataifa, chuo kitakwenda saa ngapi? Mtoto anayetoka skuli saa tisa na nusu, akapita kwenye foleni ya barabara ya Old Bagamoyo, akafika kwa ustadhi saa kumi na moja, anasinzia juu ya msahafu. Wengine wamechagua ustadhi aje nyumbani siku tatu, wengine asubuhi za Jumamosi na Jumapili. Mwanamume anayeposa akikwambia "hayo ya watoto ni kazi yako," umeshajua jambo juu yake kabla ya nikahi, na ni vizuri ulijue.

Limebaki jambo moja ambalo sisi wenyewe tunaoandika hapa hatujakubaliana, na hatutajifanya tumekubaliana. Ni kambi. Watoto wa madarasa ya juu ya msingi hupelekwa safari ya kulala nje siku mbili tatu, Bagamoyo au Mikumi, au huku kwetu Unguja. Baadhi yetu tunasema aende, mabweni ni mbalimbali, walimu wa kike wapo, na mtoto wa miaka 10 anayejua kuamka mwenyewe kuswali Alfajiri mbele ya wenzake wasioswali atakuwa kajifunza kitu ambacho mama hawezi kumfundisha nyumbani. Wengine wetu tunasema hapana, si kwa binti, si kabla hajabaleghe wala baada, na aende safari za mchana tu. Mmoja wetu alikwenda mwenyewe kama mzazi wa kusindikiza, akalala hema la jirani na wasichana, akawaamsha Waislamu wanne alfajiri, akaswali nao mchangani kabla jua halijatoka. Anasema mwaka huu tayari ameshaandikisha jina lake tena.